Nani Alistahili Kuandikwa?

Wako watu wasemao kwamba kutafuta habari za jamaa aliyekufa vitani ni kazi ya mtu asiye na kazi. Aliyekufa amekufa, wasema. Mifupa haisemi, na walio hai wana njaa ya kutosha. Msomaji, ukiwasikiliza kwa haraka utadhani wamenena neno la hekima. Ukiwasikiliza kwa makini utaona kwamba wametoa hoja ambayo wao wenyewe hawaishiki nyumbani kwao. Waulize jina la babu yao, watakutajia. Waulize alizikwa wapi, watakuonyesha kwa kidole. Kumbe wanacho kile kile wanachowaambia wengine kwamba hakina faida.

Napenda tulitazame jambo hili katika mfano ulio mgumu kuliko yote, yaani mfano wa mtu aliyekufa hewani, usiku, juu ya nchi ya adui, mahali ambapo hapakuwa na rafiki wa kumfumba macho. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, watu wapatao 125,000 waliruka katika ndege za mabomu za Uingereza, na 55,573 kati yao walikufa. Maana yake ni kwamba katika kila vijana tisa waliopanda ndege hizo, wanne hawakuuona mwisho wa vita. Nao walikuwa vijana kweli kweli; wengi wao hawakuwa wametimiza miaka ishirini na mitano, na wote walijitolea kwa hiari kwa kazi hiyo ya hewani.

Ndege iliyosifika zaidi ilikuwa Lancaster, yenye injini nne na watu saba. Palikuwa na rubani. Fundi wa injini. Mpima njia, ambaye alikaa nyuma ya pazia na ramani yake na taa ndogo. Mlenga mabomu, aliyelala kifudifudi puani mwa ndege. Mtu wa simu ya upepo. Na wapiga bunduki wawili, mmoja mgongoni mwa ndege na mwenzake mkiani. (Huyu wa mkiani alikaa peke yake saa nane au tisa katika baridi ambayo msomaji wa Lamu hawezi kuifikiri, barafu iliganda katika pumzi zake mwenyewe.) Watu saba hawa walikula pamoja, wakalala pamoja, na ndege ilipopigwa, aghalabu walikufa pamoja. Kwa hiyo atafutaye habari za mmoja hana budi kuwatafuta wote saba. Barua ya mama wa mpiga bunduki huenda ikaeleza lile ambalo mke wa rubani hakuambiwa kamwe.

Sasa fikiri, msomaji, habari ilivyofika nyumbani. Ilifika kwa simu ya maandishi yenye maneno machache: mwanao hakurudi. Haikusema amekufa, wala haikusema yu hai. Baadaye ilikuja barua ya mkuu wa kikosi, kisha sanduku lenye nguo, kitana, picha na saa, vitu ambavyo vilikwisha kupitia ghala moja kubwa huko Colnbrook ili vipangwe na kuandikwa. Basi jamaa wakabaki na sanduku na neno "hakurudi". Wako wazazi walioishi na neno hilo miaka mingi kuliko miaka aliyoishi mtoto wao.

Je, waliambiwa wanyamaze kwa kuwa mifupa haisemi? La, hasha. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na madeni hata kooni na miji iliyobomoka, iliunda idara maalum ya kuwatafuta waliopotea hewani. Maofisa wake walikwenda vijijini katika Ufaransa, Uholanzi, Ujerumani na kwingineko, wakawauliza mapadri, wachimba makaburi na wakulima. Walisoma namba zilizopigwa juu ya injini na bunduki zilizofukiwa matopeni. Walitazama alama za dobi katika ukosi wa shati, wakatazama pete na viatu. Katika watu zaidi ya 41,000 waliokuwa wamepotea, zaidi ya 23,000 walipatiwa makaburi yanayojulikana, na maelfu mengine ikathibitishwa kwamba walizama baharini. Hao ambao hawakupatikana hata kwa jitihada hiyo hawakuachwa hivi hivi. Mwaka 1953 palifunguliwa ukumbusho huko Runnymede, karibu na mto Thames, na majina zaidi ya 20,000 ya watu wa ndege wasio na kaburi yamechongwa katika kuta zake.

Tena, hata leo, mjukuu akitaka kujua, njia iko. Kila kikosi kilikuwa na daftari la safari, na madaftari hayo yamewekwa katika Nyaraka za Taifa huko Kew, London. Karani aliandika kila usiku: ndege gani, watu gani, wamekwenda wapi, wameondoka saa ngapi. Penye ndege iliyopotea aliandika saa ya kuondoka, kisha akaandika kwamba baada ya hapo haikusikika tena. Mstari huo ni mfupi na mkavu, lakini una majina saba na saa kamili, na kwa mstari huo mjukuu aweza kuyafuata majalada, rejesta za makaburi, ramani za Ujerumani, hata akasimama katika shamba lenyewe ambapo babu yake alianguka. Huko Lincoln, mahali palipokuwa na viwanja vingi vya ndege hizo, ulizinduliwa mwaka 2015 mnara wa chuma ambao urefu wake ni sawa na upana wa mabawa ya Lancaster. Umezungukwa na kuta za majina, na watu huja kuyagusa kwa vidole.

Siandiki haya kwa wivu. Naandika ili ujue kwamba jambo hili lawezekana. Mtu aliyechomeka moto hewani usiku wa manane juu ya nchi ya adui aweza kutajwa kwa jina, kwa namba, kwa saa na kwa shamba, ikiwa tu wenye kalamu wameamua kwamba astahili kutajwa.

Lakini kabla sijaendelea sina budi kugombana na watu wa namna ya pili, wale wanaotafuta habari za jamaa zao ili wapate sifa tu. Hawa nao huharibu kazi. Wakikuta kwamba babu alilia usiku kabla ya safari, huficha. Wakikuta kwamba ndege yake ilianguka mazoezini kwa kosa la mtu, hubuni vita ambavyo havikuwako. Zaidi ya yote, hawataki kuulizwa mabomu yaliangukia wapi. Basi na tuulize. Mwezi wa Julai mwaka 1943 mji wa Hamburg uliwashwa moto, na upepo wa moto huo ukaua maelfu kwa maelfu ya watu katika usiku mmoja, wengi wao wanawake, watoto na wazee waliokuwa mahandakini. Mwezi wa Februari mwaka 1945 yakawa kama hayo huko Dresden. Nao wale mabwana waliotangulia kuiwasha London na Coventry na Warszawa hawakuwa na haki ya kulalamika. Lakini mtoto aliyekuwa handakini hakuwa bwana wa mtu yeyote.

Mjukuu wa mlenga mabomu hawezi kuyakimbia haya. Kijana yule aliyelala kifudifudi puani mwa ndege alikuwa shujaa, na kidole chake kiliua watu asiowaona. Yote mawili ni kweli kwa mtu mmoja, katika usiku mmoja. Anayetaka nusu ya babu yake aseme wazi kwamba anataka nusu.

Yuko mtu mmoja aliyeifanya kazi hii kama ipasavyo kufanywa, naye hata hakuwa jamaa wa yeyote katika ndege. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Juni mwaka 1943, Lancaster moja ya kikosi namba 103, iliyotoka Elsham Wolds kwenda kuupiga mji wa Gelsenkirchen, iliangushwa katika Uholanzi, karibu na Nieuw-Vennep. Mpima njia wake alikuwa Cy Grant, kijana mweusi aliyezaliwa Guyana mwaka 1919. Kabla ya vita kanuni za jeshi la ndege la Uingereza zilitaka ofisa awe mtu wa asili ya Kizungu tupu. Zililegezwa mwaka 1939 kwa sababu ya haja, wala si kwa sababu ya haki. Grant aliruka kwa mwavuli, akakamatwa, akakaa kifungoni mpaka mwisho wa vita. Wajerumani walimpiga picha wakaitia gazetini, wakaandika chini yake kwamba huyu ni mtu wa jeshi la ndege la Uingereza asiyetambulikana ni wa taifa gani. Jina lake hawakulitia. Walimtaka awe kioja. Na kioja hakihitaji jina.

Wenzake wawili walikufa usiku ule. Ndege yenyewe iliangukia nyumba ya mkulima, na mke wa mkulima akafa.

Palikuwa na mtoto wa Kiholanzi pale, jina lake Joost Klootwijk, ambaye hakuusahau moto ule. Alipokuwa mtu mzima aliyatafuta majina ya watu wa ndege ile mmoja mmoja, waliokufa na waliopona, na pamoja nao akaiandika habari ya nyumba ile iliyoangukiwa. Hatimaye akampata Grant mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwimbaji na mwigizaji maarufu huko Uingereza. Kisha Grant, pamoja na mwana wa Joost aitwaye Hans, walianza kukusanya orodha ya vijana wa visiwa vya Karibi walioruka katika ndege za Uingereza vitani, kwa maana hapakuwa na orodha yao kamili popote. Grant alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu alipoianza kazi hiyo, naye alifariki mwaka 2010. Tazama basi jinsi kumbukumbu ya kweli ilivyo: ina rubani, ina mpima njia mweusi, ina aliyekufa mkiani, na ina mama wa shamba ambaye vita havikumhusu. Hakuna aliyeachwa nje kwa kuwa ni mgeni, au adui, au mtu mdogo.

Na sasa tuje kwetu, maana kipimo hiki sikukileta ili kikae Ulaya.

Kila mtu wa Nairobi alijua soko la Kariokor, na kila mtu wa Dar es Salaam alijua Kariakoo. Ni wangapi wanaokumbuka kwamba majina hayo yametokana na kikosi cha wapagazi cha Vita Vikuu vya Kwanza? Kati ya 1914 na 1918, Waingereza walikusanya wanaume wapatao milioni moja wachukue vyakula na risasi kichwani, katika misitu na mabwawa ya Afrika Mashariki, kuyafuata majeshi yaliyopigana na Wajerumani. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Walikufa kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa kuliko kwa risasi, na wanahistoria huwahesabu waliokufa kuwa karibu laki moja au zaidi. Nenda katikati ya Nairobi, ukautazame ukumbusho wa askari uliofunguliwa mwaka 1928. Utaona sanamu nzuri ya shaba, na maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Tafuta jina la mtu. Hutaliona hata moja.

Utaambiwa kwamba haikuwezekana; kwamba wapagazi walikuwa wengi mno, nchi ilikuwa pori, na makarani walikuwa wachache. Ndiyo maana nilianza na mtu wa ndege, msomaji. Aliyeteketea hewani juu ya Ujerumani alitafutwa kwa alama ya dobi katika ukosi wa shati, na aliyekufa kambini kando ya barabara ya jeshi hakuwezekana kuandikwa? Mpagazi aliandikishwa, alipewa namba, mshahara wake ulihesabiwa kwa rupia. Wenye kuhesabu rupia walikuwa na daftari.

Tena hatuna haja ya kubishana kwa kukisia. Tume ya Makaburi ya Vita iliundwa mwaka 1917 kwa kanuni nzuri, kwamba kila aliyekufa atatajwa kwa jina lake, bila kutazama cheo, rangi wala dini. Mwezi wa Aprili mwaka 2021 Tume hiyo hiyo ilitoa taarifa ikikiri kwamba kanuni yake haikufuatwa kwa watu wa Afrika na Asia: kwamba wafu wapatao 116,000 wa vita vile vya kwanza, na huenda hata 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, kwamba makaburi mengine ya Waafrika yaliachwa kwa makusudi yarudi kuwa pori, na kwamba nyuma ya maamuzi hayo palikuwa na ubaguzi wa wakubwa wa makoloni. Tume iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Basi si maji ya mvua yaliyoyafuta majina haya. Walikaa watu mezani, wakaamua.

Na hoja yao ilikuwa nini? Walisema kwamba Mwafrika hana desturi ya kuandika jina la mfu juu ya jiwe, kwa hiyo hataona haja yake. Sijui kama walioisema waliwahi kuingia katika nyumba moja ya Kenya. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Kwa Wajaluo na Waluhya jina la aliyefariki hurudishwa katika mtoto, na mtoto akilia bila sababu watu huuliza ni mzee gani anayetaka kutajwa. Mijikenda husimamisha vigango kwa wazee waliotukuka, na ole wake aking'oaye. Hao ndio waliosemwa kwamba hawajali majina ya wafu! Kweli hatukuchonga herufi juu ya mawe. Tuliwatia wafu wetu katika vinywa vya watoto. Lakini mpagazi wa miaka kumi na minane aliyekufa Mahenge kabla hajaoa hakuacha mtoto wa kumpa mwenziwe jina, na kinywa hakiwezi kumrudisha asiyejulikana alikufa wapi.

Vita vya pili vilipokuja mambo yalibadilika kidogo, na badiliko hilo ni ushahidi mwingine juu ya wale wa kwanza. Tarehe 12 Februari mwaka 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Ceylon, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa, na wengi wao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Bahari haina kaburi. Hata hivyo majina yao yamechongwa katika ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Vivyo hivyo askari wetu waliopotea Burma wameandikwa katika ukumbusho wa Rangoon, pamoja na Waingereza na Wahindi. Iliwezekana mwaka 1944 kwa watu waliozama kilindini. Haikuwezekana mwaka 1917 kwa watu waliokufa nchi kavu?

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni majeraha ya zamani, na kwamba vijana wa leo wayaache. Nawajibu kwamba mjukuu wa rubani hakuambiwa ayaache, bali alijengewa mnara. Na wapo watakaosema kwamba wapagazi walimtumikia mkoloni, kwa hiyo hawastahili heshima ya taifa huru. Hilo nalo ni neno la ajabu. Mtu aliyefungwa kamba akapelekwa hatuwezi kumwadhibu mara ya pili kwa kumsahau.

Katika miaka hii ya karibuni, kumbukumbu za askari wa zamani zilizokuwa zimelala hapa Kenya zimeanza kufunguliwa na kusomwa, na majina yaliyodhaniwa kupotea yanaonekana tena. Wasomaji wa karatasi hizo hawajui kijiji chenu. Hawajui kwamba jina lililoandikwa na karani mgeni kwa herufi za kukosea ndilo jina la kaka wa babu yako. Wewe wajua, au yuko mzee nyumbani ajuaye.

Basi mwendee mzee huyo likizo hii. Muulize nani alikwenda asirudi, alichukuliwa mwaka gani wa njaa au wa nzige, alipitia kambi gani, aliondoka na nani. Akikupa sifa, andika; akikupa aibu, andika pia. Angalia chini ya sanduku kama kuna cheti, nishani, au barua yenye namba ya jeshi, na uinakili namba hiyo bila kuongeza wala kupunguza. Kisha nenda kwenye makaburi ya vita kando ya barabara ya Ngong, ukalitafute jina. Ukilikuta, mpelekee mzee habari. Usipolikuta, iandikie Tume barua, utaje jina lake, jina la baba yake, ukoo wake na kijiji chake, na uwakumbushe kanuni yao wenyewe.